Gitaa Nililolichagua kwa Utani

Mihayo, mtani wangu,

Najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai barua zangu hukuzijibu, ukisema Mzigua anayekaa mtaa wa pili ana haja gani ya kuandika. Leo haja ninayo. Ni juu ya magitaa yako mawili ya umeme, na namna nilivyochagua moja kama mtu anayejaribu kofia dukani.

Siku tuliyokuzika nilifanya kazi yangu ya utani, haki tuliyoachiwa tangu wazee wenu Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Niliingia kaburini nikalala, nikasema nafasi imejaa, huyu mpagazi atafute pengine. Wakanitoa kwa kunipa kuku.

Tuliporudi nyumbani kwako magitaa yalikuwa yananing'inia sebuleni kama kawaida. La kahawia, lenye tumbo kubwa na matundu mawili, ulilolinunua kwa mzee wa Kihindi hapa Tabora miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala. Na lile jekundu, jembamba, la miaka ya sitini, ulilorudi nalo kutoka Dar es Salaam baada ya Uhuru ukitembea nalo mjini kama bwana harusi.

Nikalivaa jekundu. Nikafumba jicho moja, nikauma mdomo kama wewe, nikapiga solo yako kwa domo tupu. Watu walicheka mpaka mkeo, Mama Nyamizi, akacheka naye, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikanogewa. "Hili nalichukua!" nikatangaza. "Hilo jingine mngemzika nalo!"

Kaka yako mkubwa akanitazama, akasema, "Mtani ameshachagua."

Mimi nilingoja walikomboe. Si ndivyo ilivyo? Mtani anashika kitu cha marehemu, anapewa kuku, anakiachia. Kuku hakuja. Labda yule wa kaburini alitosha, labda waliona ni haki yangu, sijui. Kaka yako akalizungushia la kahawia blanketi, akaondoka nalo kwenda kwenu Nzega. Mimi nimesimama mlangoni, jekundu shingoni, bado nacheka. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa natania? Kila mtu alijua natania.

Baada ya arobaini bendi yetu ikarudi kazini. Solo sasa napiga mimi. Ndiyo, cheka. Jekundu lenyewe halina kosa. Sauti yake kali, safi, vijana wanalipenda. Lakini ule wimbo uliomtungia mkeo uliutungia kwenye la kahawia, lile lenye sauti ya mtu aliyeshiba ugali wake na hana ugomvi na yeyote. Nilipouanza kwenye dansi pale Cheyo, wazee waliokuwa wameinuka kucheza wakasimama katikati ya ukumbi kama waliosahau walichofuata. Mpiga dramu wetu akaniinamia: "Mzigua, unatupigia kengele ya shule." Nikazungusha vifundo vyote vya sauti. Kengele ikabaki kengele.

Na hapo ndipo panaponiuma. Kila tulipopakia vyombo kwenye lori kwenda kupiga katika kijiji kipya cha ujamaa, uliniuliza, "Mhina, tubebe lipi leo?" Nami nikakujibu, "Wewe ni mpagazi, beba yote." Uliuliza kwa dhati, Mihayo. Ulikuwa unababaika kati ya yale mawili, ukiogopa kuonekana umepitwa na wakati. Laiti ningekwambia hata mara moja kwamba la kahawia ndilo lililokuwa wewe. Nilikuwa nyuma yako miaka yote hiyo napiga rithimu. Nani angejua kuliko mimi?

Basi nikaenda Nzega, jekundu begani, nikaombe tubadilishane. Kaka yako nilimkuta shambani, pamba inaanza kufunguka. "Ingia ndani uchague," akasema. "Kwangu mimi yote ni mbao."

Ndani nikamkuta mama yako kwenye mkeka. La kahawia lilikuwa pembeni yake, limefunikwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si wewe uliyelala katika kaburi la mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Ulipata usingizi?"

Nikajua utani wako ulitoka wapi. Nilipomweleza nilichofuata akasema, "Hili ndilo lililomshika huko Tabora. Alikuwa anakuja, analala siku moja, anaondoka. Sasa limekuja, halina haraka. Lakini wewe ni mtani, baba. Ukilitaka, sikukatalii."

Nililipakata. Nyuzi zimeshika kutu. Nikagusa ule mnene wa juu, bila umeme, bila spika, na ukawa wewe kabisa. Mama yako alikuwa amefumba macho. Ningeweza kulichukua, nyumba nzima isingesema neno, na hilo ndilo lililonishinda. Nililirudisha chini ya khanga yake.

Sitakudanganya kwamba roho imetulia. Narudi kutoka kila dansi nikiwa najuta, na gitaa zuri mkononi.

Wimbo wa mkeo nimeuacha. Watu wanaudai, nawaambia mwenyewe kasafiri nao. Lakini nakuahidi hili. Pamba ikishavunwa nitakwenda Nzega na nyuzi mpya, hata kama itabidi nizitafute duka kwa duka kwa shida hii ya siku hizi, na Mama Nyamizi nitakwenda naye. Nitampigia mama yako palepale mkekani, kwa la kahawia. Aliniambia hajawahi kuusikia ule wimbo hadi mwisho, kwa kuwa kila ulipouanza lori lilikuwa linapiga honi nje.

Mimi sitakwenda na lori la bendi, Mihayo, na nitaumaliza.

Kwaheri, ndugu yangu.

Mtani wako,
Mhina