Plagi Iliingia Bila Kusumbua

Wahaj, uko? Nimeiunguza kompyuta ya injini ya Shahmir. NIMEIUNGUZA. Nimejifungia chooni hapa gereji.

Si unalijua lile gari lake la turbo kutoka Japani? Kompyuta yake ilikufa, tukapata nyingine sokoni, ya toleo la baadaye. Plagi ikaingia kama imezaliwa humo. Na Fundi Gulbaz unamjua: "Plagi usiiamini, toleo likibadilika nyaya hubadilishwa nafasi. Fuata waya mmoja mmoja, ndipo uwashe."

Akaniuliza, "Sarmad, nyaya umezikagua?"

Nikasema zote, Fundi. Wahaj, sikukagua hata mmoja! Eti chai ilikuwa inapoa.

Shahmir akawasha. Moshi ukafuka chini ya dashibodi.

"Mmeniulia gari!" Anafoka, mtaa mzima wa Pindi umejaa mlangoni. Fundi akamjibu taratibu, "Kijana wangu amekagua nyaya. Basi kosa ni langu, kompyuta niliichagua mimi."

Kijana wangu amekagua! Na mimi nikainama, nikajifanya napanga spana.

Sasa sikia. Fundi ameenda kwenye gari lake mwenyewe, lile la marehemu kaka yake, ambalo hakuna anayeruhusiwa hata kuliosha. Amechomoa kompyuta yake, nayo ni ya toleo hilohilo la baadaye. Anaifunga kwenye gari la Shahmir. Hatazami nyaya. Azitazame za nini? Sarmad ameshakagua.

Ananiita. "Sarmad, mwanangu, ufunguo uko wapi?"

Ninao mimi mfukoni, Wahaj, niliuchomoa moshi ulipofuka. Natoka kumwambia sikukagua.