Mshindi wa Mtaa Wetu

Shoga, upo?

Unakumbuka yale mashindano ya mtaa wetu, nyumba ipi itatoa kaboni kidogo kuliko zote kwa kubana umeme? Leo tumempata mshindi. Bi Merle, yule mjane wa nyumba ya kona.

Dougal, jirani anayesimamia mashindano, alituonyesha kwenye simu umeme wa kila nyumba. Wa Bi Merle ulikuwa chini wiki nzima. Akacheka, "Bibi ametunyoa bila maji! Hata birika la chai hawashi!"

Hata birika la chai. Na sisi tukapiga makofi. MAKOFI, shoga!

Bi Merle yule yule anayekunywa chai kutwa! Na baridi hii ya mji wetu wa Ballarat, hita haijawashwa hata mara moja.

Tukaenda na keki kumpongeza. Tukagonga, tukagonga tena. Jirani yangu Glenys akachungulia dirishani, akarudi nyuma. "Miwani yake iko sakafuni."

Sasa polisi wanavunja mlango. Dougal bado kashika keki, ananiuliza, "Lakini si kuna umeme kidogo alikuwa anatumia?"

Nimemwambia, "Hilo ni friji, Dougal. Friji peke yake."