Duka Lililovaa Gauni

Wewe, nimekwisha 😂😂

Si unajua Shangazi alinikabidhi ukurasa wa mtandaoni wa duka lake la ushonaji, akasema nisipoleta wateja anampa binamu? Basi leo nikajifanya mteja, nikaandika: "Jamani, gauni lenu limenikaa kama nimezaliwa nalo!"

Kumbe nimeandika kwa akaunti ya duka. YA DUKA!

Watu wanacheka huko: "Leo duka limevaa gauni!"

Na Shangazi, ambaye hasomi majina, anasoma sifa tu, kajibu kwa simu yake, yenye akaunti hiyohiyo ya duka: "Asante mpenzi, karibu tena." Duka likajishukuru lenyewe!

Sasa kaniita: "Mwanangu, huyo mteja mlete kesho, nimshonee lingine bure."

Mteja ni wewe. Njoo upimwe. Ukicheka tu, ukurasa wa binamu huo!