Jiwe Lililomfunika Mama

Kihagara, Nyasa
14 Novemba 2024

Mpendwa kaka Ladislaus,

Shikamoo. Habari za Geita? Wifi Hedwiga na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila miguu ya baba inamsumbua kidogo. Mimi ndiye sina raha, na simu nimeogopa kuitumia, maana baba yuko karibu kila saa na masikio yake, unayajua, hayajazeeka.

Unakumbuka kile kisiwa kidogo wanakoanika dagaa wa usipa, na vile vijumba vya mawe tulimokuwa tukijificha mvua utotoni? Wamekuja wataalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam. Wanasema ni makaburi. Mabamba yamesimamishwa kuwa kuta, jingine limelazwa juu kuwa mfuniko, na ndani kuna mifupa ya watu waliozikwa zamani mno, kabla ya babu yeyote tunayeweza kumtaja. Nilipokumbuka tulivyokuwa tukila mihogo ya kuchoma mle ndani, nilifanya ishara ya msalaba.

Kijumba kimoja hakina mfuniko. Kiongozi wao, dada mmoja anaitwa Glorious, alikuja hadi nyumbani kumuuliza baba kama anajua mfuniko huo ulikokwenda. Baba alimkaribisha chai, akasema uzee umemwondolea kumbukumbu. Kaka, mfuniko huo ndio jiwe lililo juu ya kaburi la mama. Wewe na baba ndio mliouvusha kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, mwaka ule maji ya masika yalipokuwa yanachukua udongo wa kaburi lake.

Simlaumu mtu. Hakuna aliyejua, na mama alihitaji kufunikwa. Lakini tangu siku hiyo baba hatulii. Anashinda ufukweni akitazama kisiwa, akirudi analizunguka kaburi, na chakula chake narudi nacho jikoni. Jana aliniambia, "Emiliana, mama yako nimemfunika shuka la mtu mwingine."

Baba mdogo Erasmo hataki hata kusikia habari ya kulirudisha. Anasema padri alishalibariki jiwe, na kaburi halichokonolewi. Kila mmoja ananivuta upande wake, nami nabaki kufua nguo zilizo safi.

Mawingu nayo yameanza kujikusanya. Wataalamu walikifunika kile kijumba kwa turubai, upepo wa ziwani ukaling'oa. Mifupa ya watu iko wazi, na mvua ikinyesha itaingia moja kwa moja.

Mimi niko upande wa baba. Mama hakuwahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Hata bakuli aliloombea chumvi lilirudi na usipa kidogo. Angekaaje na kitu cha watu miaka yote hii? Ila kwetu kaburi la mzazi haliguswi mpaka mtoto wa kwanza aliguse, na huyo ni wewe. Baba anakungoja, lakini hatakuambia. Ameanza kufyatua matofali ya kumjengea mama badala ya jiwe, kwa miguu ile ile.

Tafadhali njoo kabla ya mvua. Kwa Glorious tutakwenda pamoja, kwa sababu peke yangu sithubutu.

Nisalimie wifi na watoto, na shangazi Teodora ukimwona. Mungu akulinde barabarani. Na ukiwa kwenye basi ufikirie wale marehemu tuwawekee nini, maana mfuniko wao hatuwezi kuurudisha mikono mitupu, mama asingekubali.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Emiliana