Kitanda cha Mama Juu ya Droo za Trev

Mtaa wa Lovell 14,
Roma, Queensland.
11 Mei

Mpendwa mdogo wangu Lachie,

Habari za huko Aberdeen? Natumaini baridi imewaachia sasa na mmeanza kuvua makoti. Kifua chako vipi? Morag na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Mvua za Machi zilinyesha vizuri, nyasi zimesimama, na wale vyura wa kijani wamehamia tena chooni, kwa hiyo siku hizi mtu anachungulia kwanza ndipo akae.

Mama hajambo, isipokuwa mgongo. Ulimi ndio hauumwi kamwe. Ametimiza themanini na tatu, nikamwokea keki, akaionja akasema imekuwa ngumu kidogo lakini atakula kwa sababu amelelewa vizuri.

Sasa kaa chini nikueleze jambo lenyewe. Mama anataka kwenda Wirrabilla kulitembelea kaburi la Baba. Aliyasema hayo huku anamenya viazi, hata kichwa hakuinua: "Mwaka huu nataka nimwone baba yenu." Basi. Wewe siku ya maziko theluji ilikufungia uwanja wa ndege, najua mpaka leo inakuuma, na Mama naye hajafika pale tangu siku ile. Tatizo ni huo mgongo. Daktari amesema akikaa zaidi ya saa moja mguu wa kushoto unakufa ganzi, ni lazima alale chali mpaka uamke. Na ile barabara ya baada ya Windorah unaijua mwenyewe, mawe na mashimo matupu. Ukivuta karavani ya kulala, itavunjika njiani, utafika na kamba tu.

Jioni tukawa mezani tunakula. Ghafla shemeji yako Trev akaweka uma chini akasema, "Nitajenga droo."

Nikajua tumekwisha. Unawajua wanaume wa huku, mtu hana raha mpaka nyuma ya Landkruza yake kuwe na droo mbili zinazoteleza kwenye reli, moja ya vyombo vya jikoni na moja ya spana. Trev amezitamani tangu tuoane, na sasa alikuwa na sababu ambayo mimi siwezi kuipinga. Droo zitakuwa chini, godoro juu, Mama atalala kila tukisimama. Nikamwambia akanunue zilizo tayari. Akaniangalia kana kwamba nimetukana kanisani. "Glenys, hizo zimetengenezwa na watu wasiowahi kulala nje."

Basi gari likaingia bandani. Akang'oa kiti kimoja cha nyuma, akaacha viwili vya upande wa pili. Plaiwudi ikalazwa kwenye meza yangu ya kulia chakula, na mpaka leo naokota vumbi la mbao kwenye sukari. Jirani yetu Merv akawa anakuja kila jioni na bia yake mkononi, anaegemea gari, anatikisa kichwa.

"Ningekuwa mimi, ningetumia aluminiamu."

"Ungekuwa wewe, Merv, mpaka sasa ungekuwa unatafuta tepu ya kupimia."

Na kusema kweli, Lachie, kazi ilikuwa nzuri. Kona zimekaa sawa, skrubu zote zimezama, droo ukiigusa kwa kidole inakuja yenyewe. Nilijivuna, ingawa sikumwonyesha.

Siku ya kujaribu tukamleta Mama, akapanda kistuli, tukamsukuma ndani taratibu kama mkate kwenye oveni. Halafu sauti ikatoka huko ndani.

"Trev, mkwe wangu."

"Naam, Mama?"

"Hili jeneza umelitilia droo za nini? Huko ninakokwenda sihitaji vijiko."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikainama kuchungulia. Pua ya Mama ilikuwa karibu igonge paa. Mikono ilikuwa imebanwa, hawezi kuinua, hawezi kujigeuza. Tulipomtoa alikuwa anahema, na shavuni hakuna rangi. Akakaa kwenye kistuli, akanyoosha sketi yake, akasema polepole, "Basi. Msihangaike tena. Nitabaki nyumbani."

Kicheko kilinikauka palepale. Mama yetu umewahi kumsikia akisema basi?

Na unajua kosa lilikuwa wapi? Friji. Trev alianza kupima kutoka kwenye friji yake ya bia, ile kubwa. Kwanza friji, halafu droo ya kuibeba, halafu ubao wa juu yake, halafu godoro, na kilichobaki mpaka kwenye paa ndicho alichomwachia mama mkwe. Hakufanya kwa ubaya. Nakuapia hata mimi nilisimama pale siku zote hizo sikuliona, wala Merv na aluminiamu yake. Mtaa mzima wanapima hivyo.

Trev akaenda zake ndani. Hakula. Asubuhi yake nikasikia drili bandani, nikaenda na chai. Alikuwa anafungua skrubu zote alizozifunga. Friji imekaa nje kwenye majani, mbwa anainusa.

"Friji inakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Haiendi."

"Haiendi kabisa?"

"Itabaki kwa Merv."

"Na bia?"

Akafuta jasho. "Tutakunywa za moto."

Lachie, nimeolewa na mtu huyu, tumepita ukame, tumepita mafuriko, tumezika mbwa watatu. Sijawahi kusikia maneno ya mapenzi kama hayo. Nikambusu hapohapo. Merv alikuwa amesimama mlangoni, akavua kofia kana kwamba kuna msiba.

Usidhani mambo yalinyooka. Alishusha kila kitu, akakata upya, akapiga rangi, halafu kwa furaha akazivika droo zulia la kijivu pande zote ili zisipige kelele. Akasahau kwamba zulia nalo lina unene. Droo zikagoma kuingia. Alisukuma kwa bega, akasukuma kwa mguu, akatamka maneno ambayo sitayaandika kwenye barua. Siku mbili tulikaa tunabandua zulia kwa kisu cha siagi, Mama pembeni anatuelekeza.

Safari hii alipolala akainua mikono juu akapiga makofi. "Naona nafasi ya kucheza ngoma," akasema. Mimi nilikuwa nalia.

Ikabaki majaribio ya barabara. Kisheria Mama atakaa kiti cha mbele na mkanda wake, tukisimama ndipo alale. Lakini siku hiyo alikataa kushuka kitandani, akasema yeye si mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa. Trev akaweka trei ya mayai kwenye droo, akaenda naye taratibu ile njia ya jalalani yenye vijituta vinavyotikisa meno, ambako hapiti mtu. Usimwambie polisi yeyote. Waliporudi Trev akagonga kioo, "Mama, tumefika." Kimya. Akagonga tena. Kimya. Mtu mzima yule akawa mweupe kama shuka. Kufungua mlango, Mama anakoroma! Mayai mawili yalipasuka. Trev amesema mawili si kitu.

Kwa hiyo tunakwenda. Jumamosi ya kwanza ya Julai, vumbi likiwa limetulia na usiku ukiwa na baridi ya kuotea moto wa kuni.

Sasa kuna jambo moja la mwisho. Friji ilipoondoka, pembeni mwa gurudumu kulibaki upenyo mwembamba, Trev akachonga droo ya tatu. Akamwambia Mama hiyo ni yake, aweke anachotaka. Jana nilitaka kutia tochi humo, Mama akaniambia kutoka barazani, "Hiyo imejaa." Nikaifungua hata hivyo. Unanijua.

Ni mabuti yako. Yale ya kahawia uliyoyaacha kwenye baraza ya nyuma ulipoondoka, ambayo Mama huyakung'uta buibui kila Jumapili. Ameyapaka mafuta, ametia kamba mpya.

Nikamwuliza, "Mama, haya ya nini?"

"Kule kuna nyoka," akasema. "Mtu hawezi kwenda kaburini na viatu vya Ulaya." Kisha akauliza kama nimezima oveni.

Hajaniagiza nikuandikie, wala hatakuomba, unamjua. Mimi nakueleza tu yaliyomo kwenye droo. Viti vya nyuma viko viwili, na mimi nakalia kimoja.

Trev anakusalimu sana, na Merv pia, ambaye anaitunza friji vizuri kupita kiasi. Mkumbatie Morag, wabusu Isla na Fergus, uwaambie shangazi yao amewawekea ngozi ya nyoka. Mungu awalinde huko mliko, na akufungulie njia, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikungojaye,

Glenys