Dimareji ya Sanduku la Kosgei

Jumatatu, 4 Machi 1957
Sanduku la Kosgei limefika hapa Nakuru na treni ya mizigo kutoka Mombasa. Mwenyewe anamalizia kazi yake bandarini, anafuata Jumatano. Nimemngoja miaka — siku mbili ni nini? Bi Kuluthum, mwenye duka ninaposhonea, ameniachia cherehani nimalize gauni langu la harusi.

Alhamisi, 7 Machi
Jana nilisimama stesheni mpaka abiria wa mwisho akashuka. Hakuna Kosgei.
Leo nimerudi. Nicodemus, karani wa mizigo, anasema sanduku limeanza kula dimareji. Ndiyo nini hiyo? Malipo ya mzigo uliokaa stesheni kupita siku zake. Neno la Kifaransa, anasema, maana yake kukawia. Zamani alitozwa aliyechelewesha meli bandarini, siku hizi hata mwenye sanduku. Nikasema nitalipa mimi. Hawezi kunipa — mpaka aje mwenyewe, au mtu mwenye karatasi yake.
“Pole, Jepkorir,” akasema. “Labda alikosa nafasi.”

Jumatatu, 11 Machi
Bado. Bi Kuluthum kaniuliza kama tuligombana. Hatukugombana. Gauni limeisha, sijalijaribu.
Kukawia. Neno hilo limeniganda kichwani.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika hapa hapa stesheni.
Nilikuta mwanamke dirishani kwa Nicodemus, mtoto mgongoni, karatasi ya Kosgei mkononi. Nicodemus aliponiona akainamisha kichwa. Mama yule hanijui. Anaitwa Rahab. Ni mke wa Kosgei. Wamehamia Molo. Sanduku lilitumwa Nakuru kwa makosa, ndivyo alivyoambiwa.
Nikamuuliza walipita lini.
“Jumatano ya wiki jana. Mume wangu kichwa kilimuuma ghafla, tulipofika tu hapa Nakuru. Akajifunika blanketi gubigubi mpaka treni ikaondoka.”
Nilikuwa nimesimama pale. Labda karibu na dirisha lao.
Amelipa dimareji yote. Kisha akaniambia, “Dada, nishikie upande huo, ni zito.” Nikashika. Tumelibeba mpaka hapa, tumelikalia sote wawili tukingoja treni ya Molo. Mtoto anavuta kalamu yangu. Ana masikio ya Kosgei.
Treni inaingia. Rahab ananiuliza jina langu, akamwambie mumewe nani alimsaidia —