Siku Niliyobonyeza Nyumbani

Izmir, Uturuki

Kaka Shabani,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono inapasuka kwa baridi na sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli. Wifi Zuhura hajambo? Watoto je? Kuhusu mama sikuulizi, maana kila nikiuliza unanijibu "yupo", kama mtu aliyeulizwa habari za kabati.

Nimeandika kwa mkono makusudi. Ujumbe wa simu unausoma nusu. Barua hii ataileta dada mmoja anayekuja likizo, ataiacha dukani kwako Maili Moja, na uisome yote.

Umenitumia majina matatu ya fayawoli, zile programu za kulinda mlango wa kompyuta, eti nichague moja kwa kuwa mtandao wa hosteli ni wa watu wote. Ahsante, fundi. Umechelewa.

Tukumbushane. Siku niliyonunua kompyuta, nilipoiunganisha na mtandao wa hosteli iliniuliza: hapa ni nyumbani au ni mahali pa umma? Nikakupigia wewe, mwenye duka la kompyuta. Ulikuwa na wateja. Ukasema, "Si mnakula na kulala pamoja na Wabongo wenzako? Hapo ni nyumbani, bonyeza twende kazi." Nikabonyeza. Na mimi niliona ni sawa. Kwetu Kisarawe mtu mnayekula naye sinia moja humfungii chumba. Ikauliza tena kama wenzangu waone mafaili yangu, nikaruhusu, maana tulikuwa tunapeana video za harusi.

Humo humo ndimo zilimokuwa picha za kidonda cha mama.

Unajua zilivyopigwa. Wifi alikwenda kumuuguza, akazipiga chumbani, mlango umefungwa, mimi niko kwenye simu nambembeleza mama afungue kanga. Alisema, "Aone daktari tu, mwanangu. Mwingine asione." Nikamwapia. Daktari wa hapa akazitazama, akasema akatwe kinyama kikapimwe haraka. Mama akaenda, akatibiwa. Kuziomba sijuti.

Mwenzetu mmoja tunayepika naye ugali alizikuta kupitia kompyuta yake akiwa kitandani kwake, bila hata kugusa yangu. Akamtumia shangazi yake, "mumwombee mama wa watu". Shangazi akazitupa kwenye kundi la akina mama. Zikazunguka hadi Kisarawe, na mama akaonyeshwa kifua chake mwenyewe na mwanamke aliyekutana naye dukani.

Huyo mwenzetu analia, anasema alimwonea mama huruma. Simsalimii. Lakini aliyeniumiza zaidi ni wewe. Mama alipokuuliza imekuwaje, ulimjibu, "Huyo mtoto hana siri." Wifi ameniambia. Ile simu niliyokupigia hukuitaja hata kidogo. Tangu hapo mama hapokei simu zangu.

Fayawoli nimeshachagua. Nimebaki na ile iliyokuja na kompyuta. Zako zinauliza kila kitu kila dakika, na mimi najijua, nikichoka nitabonyeza ndiyo. Sasa kila mtandao nimeuandika wa umma, wa hosteli, wa hotelini, hata wa simu yangu mwenyewe. Faili lililo wazi hakuna.

Nina ombi moja. Toka hapo nyumbani kwako Sofu uende Kisarawe na wifi, kwa miguu yako, si kwa simu. Mwambie mama, wifi akisikia, kwamba wewe ndiye uliyesema bonyeza na mimi ndiye niliyebonyeza. Kosa langu nalibeba. Lako usinitwishe.

Nisalimie wifi, mama mdogo anayeuza vitumbua, baba mkubwa anayeswalisha, na binti yako aliyebeba jina langu.

Ukishamwambia mama, nipigie ukiwa hapo hapo, uweke simu karibu naye anapomenya mihogo. Si lazima aseme neno, nataka tu kumsikia akikohoa. Lakini usimfiche. Mwambie ninayesikiliza ni mimi peke yangu. Akisema ikate, ikate.

Mdogo wako,
Mwanaidi